Tofali ni Asilimia Sita

Mwezi Agosti, ukishuka bonde lolote la Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, utakuta tanuri linafuka. Udongo ulifyatuliwa Juni, ukaanikwa, ukapangwa safu juu ya safu, ukakandikwa tope kwa nje, kisha ukachomwa kwa magogo usiku na mchana. Mvua za Novemba zikianza, tofali zimeshapoa na kuhesabiwa. Ni kazi inayojaza macho, na kwa sababu hiyo mtu wa huku Buha akifikiria nyumba hufikiria kwanza tofali. Anayeuza nyumba kuukuu hupiga ukuta kwa kiganja: "Sikia, hizi ni za kuchoma." Anayejiandaa kujenga huwaambia nduguze kwamba tofali elfu kumi ziko kiwanjani, kilichobaki ni kidogo.

Nimepiga hesabu ya nyumba moja ya kawaida kutoka msingi hadi rangi. Tofali zake zote, ukizinunua, hazifiki hata moja ya kumi ya gharama. Ni asilimia sita. Ukiijua namba hiyo, swali la kununua nyumba ya zamani au kujenga mpya linageuka sura, maana kile ambacho muuzaji anakipiga kwa kiganja ni kimoja kati ya vitu vya bei ndogo ndani ya ua wake.

Nyumba ya kupimia

Tuchukue nyumba ya mita 9 kwa 8, yaani mita za mraba 72: vyumba vitatu vya kulala, sebule, jiko dogo na stoo. Kuta za nje zina jumla ya mita 34, za ndani mita 24, na kimo ni mita 2.8. Za nje zijengwe kwa unene wa inchi 9, za ndani kwa nusu ya unene huo. Tofali la kienyeji la takriban sentimita 23 kwa 11 kwa 7 huingia 48 katika kila mita ya mraba ya ukuta mwembamba, na 96 katika ukuta mnene. Ukishatoa nafasi za milango na madirisha, kuta za nje zinakula tofali 7,400, za ndani 2,800, na ukuta wa msingi 2,800 nyingine. Ongeza moja ya kumi kwa zitakazovunjika njiani na mikononi mwa vibarua. Unapata tofali 14,300. Kwa kilo 3 kila moja, huo ni mzigo wa tani 43.

Saruji sasa. Zege la msingi mifuko 19, udongo wa kujengea kuta uliochanganywa na saruji mifuko 39, mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta mifuko 17, sakafu pamoja na malizio yake mifuko 40, na plasta ya ndani na nje mifuko 25. Jumla ni mifuko 140, tani 7. Paa, ukiliacha litokeze sentimita 60 kila upande, linataka bati 55 za mita 3.

Bei nitakazotumia ni za kupigia hesabu: tofali Sh100 likiwa kiwanjani, mfuko wa saruji Sh22,000, bati la geji 28 Sh32,000. Ukisoma haya ukiwa Kakonko au Heru Juu na bei ya dukani kwako ni nyingine, futa ya kwangu uweke yako. Idadi ya mifuko haibadiliki.

Kwa bei hizo tofali ni Sh1.43 milioni. Saruji ni Sh3.08 milioni, bati Sh1.76 milioni. Nimeweka mbao za paa, misumari na dawa ya mchwa Sh1.9 milioni, nondo Sh700,000, mchanga, mawe na kokoto Sh1.5 milioni, milango na madirisha yenye grili Sh2.4 milioni; umeme wa ndani Sh1 milioni; choo na karo Sh1.5 milioni, dari na rangi Sh2 milioni. Vifaa vyote ni Sh17.27 milioni. Ufundi, kwa asilimia 30 ya vifaa, ni Sh5.18 milioni. Tenga asilimia 10 ya dharura, na nyumba inakamilika kwa Sh24.7 milioni bila kiwanja. Hiyo ni takriban Sh343,000 kwa kila mita ya mraba.

Gawa Sh1.43 milioni kwa Sh24.7 milioni. Hiyo ndiyo asilimia sita.

Udongo wa hapa na mzigo wa lori

Njia nzuri ya kuisoma orodha ile ni kuigawa mafungu mawili: kilichotoka kwenye udongo, mito na misitu ya hapa, na kilicholetwa na lori. Saruji, bati, nondo, nyaya za umeme, rangi na dari pekee ni Sh8.54 milioni, karibu nusu ya vifaa vyote, hata kabla hujahesabu vioo, grili na misumari. Kigoma iko mwisho wa reli ya kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka bandari ya Dar es Salaam, na Kasulu na Kibondo ziko mlimani mbali na hapo. Kila kilichotoka kiwandani kimesafirishwa, kikashushwa, kikapandishwa tena.

Tazama inavyouma. Tofali likipanda bei mara mbili, kutoka Sh100 hadi Sh200, nyumba nzima inaongezeka kwa Sh1.43 milioni. Ni maumivu, lakini yana mwisho. Unaweza hata kufyatua mwenyewe na watoto wakati wa likizo. Saruji ikipanda Sh1,000 tu kwa mfuko, nyumba inaongezeka Sh140,000, na hapo huna la kufanya. Ikipanda Sh5,000 ni Sh700,000, nusu ya thamani ya tofali zote.

Kwa hiyo barabara ya lami ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260.6 zilizogawanywa vipande vinne na kugharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ni habari ya ujenzi kama ilivyo habari ya usafiri. Anayekumbuka malori yaliyolala njiani siku kadhaa kwa tope la Machi anajua nani alilipia siku hizo: mnunuzi wa mfuko. Umeme wa gridi ya Taifa nao uliufikia mkoa mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli, na tangu hapo nyumba isiyo na nyaya ni nyumba inayosubiri gharama.

Ukubwa wa jambo lenyewe unaonekana katika sensa. Mwaka 2012 Mkoa wa Kigoma ulikuwa na watu 2,127,930. Mwaka 2022 walikuwa 2,470,967. Ongezeko ni watu 343,037. Tukiweka watu watano kwa nyumba, hao peke yao walihitaji nyumba zipatazo 68,600 ndani ya miaka kumi, karibu nyumba 19 kila siku iendayo kwa Mungu. Zingejengwa zote kama nyumba yetu ya kupimia, zingekula tofali karibu bilioni moja. Nikifikiria magogo ya kuchomea tofali bilioni moja, naelewa kwa nini Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umehangaika miaka mingi kuwashawishi watu watumie tofali za kufungamana, zinazoshindiliwa kwa mashine kwa udongo na saruji kidogo bila moto. Kwa vilima vya Buha ambavyo kila mwaka vinapoteza miti, natamani ushawishi huo ufike kila kijiji. Tatizo ni kwamba zinahamisha gharama kutoka kwenye kuni kwenda kwenye saruji, yaani kutoka fungu la hapa kwenda fungu la lori, na mtu mwenye fedha kidogo huliona hilo mara moja.

Ndani ya nyumba kuukuu kuna nini?

Nyumba nyingi za zamani unazoonyeshwa Kasulu na Kibondo zina historia inayofanana. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwatoa watu kwenye makazi yaliyotawanyika vilimani na kuwapanga katika vijiji vya ujamaa, mara nyingi kando ya barabara. Watu walijenga haraka, kwa tofali mbichi au fito na udongo, wakaezeka nyasi. Miaka ilivyopita wakaweka tofali za kuchoma, wakavua nyasi wakapiga bati jembamba. Kadiri namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyopungua unene, na bati la geji 32 ndilo lililokuwa saizi ya mfuko wa mkulima. Udongo wa kujengea ulikuwa tope tupu. Msingi ulikuwa mawe machache, na pengine hata hayo hayakuwapo. Lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya kuta, haikuwapo kabisa.

Kwa maneno mengine, nyumba kuukuu ya kawaida ina kwa wingi kile kilicho rahisi na imepungukiwa kile kilicho ghali. Imejaa udongo wa hapa, na karibu haina mzigo wa lori.

Sasa tuipe bei. Unaambiwa Sh14 milioni kwa nyumba ya ukubwa ule ule, na kiwanja kitupu jirani kinauzwa Sh4 milioni. Hatua ya kwanza, ambayo wanunuzi wengi huiruka, ni kutoa. Sh14 milioni toa Sh4 milioni: unaombwa Sh10 milioni kwa jengo lenyewe. Usijadili bei kabla hujaitoa ile ya kiwanja, maana dalali hupenda kuzichanganya, akikuelekeza kwenye ukuta unapouliza ardhi na kwenye ardhi unapouliza ukuta.

Hatua ya pili ni matengenezo. Kuezua na kuezeka upya kwa bati 55, nusu ya mbao zikiwa mpya: Sh3.31 milioni. Kumwaga mkanda wa zege juu ya kuta wakati paa limeshuka: Sh1.62 milioni. Sakafu Sh1.63 milioni, plasta Sh1.25 milioni, umeme Sh1.3 milioni, choo kipya Sh1.9 milioni, nusu ya madirisha Sh1.4 milioni. Jumla Sh12.4 milioni. Kwa nyumba ya zamani dharura ya asilimia 10 haitoshi. Ukibandua plasta unakutana na usichokitarajia. Weka asilimia 20. Unafika Sh14.9 milioni.

Jumlisha na Sh10 milioni za jengo: Sh24.9 milioni. Nyumba mpya ilikuwa Sh24.7 milioni. Umelipa bei ya nyumba mpya ukapata kuta za zamani.

Lakini badilisha kitu kimoja. Nyumba iwe na paa zima na lenta. Mambo mawili hayo, ukiyatoa kwenye matengenezo pamoja na dharura yake, yanaondoa Sh5.9 milioni. Matengenezo yanashuka hadi Sh9 milioni, na sasa jengo lile lile linastahili hadi Sh15.7 milioni badala ya Sh9.8 milioni. Paa na lenta, vitu ambavyo mgeni akiingia hata haviangalii, vinahamisha thamani mara nne kuliko tofali zote za nyumba.

Ndiyo maana nasema: ukienda kuangalia nyumba kuukuu, anza juu. Ingia saa sita mchana, funga milango na madirisha, kaa gizani dakika mbili utazame bati. Kila tundu la msumari lililopanuka litakuonyesha nyota. Kama kuna dari, omba ufunguliwe kipande. Panda ngazi utazame pale mbao za paa zinapokaa ukutani: ukikuta zege, umekuta lenta, ukikuta tofali na waya uliozungushwa kwenye ubao, hakuna. Kisha shuka. Kwangua udongo wa kati ya tofali kwa msumari. Ukitiririka kama unga, kuta zimejengwa kwa tope, na zinategemea paa kuzikinga. Nyufa za ulalo kutoka pembe za madirisha zinaeleza habari za msingi. Mistari ya udongo inayopanda ukutani kama mishipa ni barabara ya mchwa, na mchwa hapandi kufuata tofali; anafuata mbao. Mwisho tazama nusu mita ya chini ya ukuta wa nje, mahali matone ya mvua yanaporuka kutoka ardhini. Huku mlimani mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka, karibu yote kati ya Oktoba na Mei, na ukuta usio na msingi mrefu huliwa hapo kwanza.

Lenta ninaisisitiza kwa sababu nyingine isiyo ya fedha. Tunaishi kando ya Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga Ziwa Tanganyika. Tarehe 10 Septemba 2016 lingine, dogo kuliko hilo, la 5.9, lilipiga Kagera, majirani zetu wa kaskazini. Watu 17 walifariki na nyumba zaidi ya 2,000 zikaanguka. Ukuta wa tofali usiofungwa juu hufunguka kwenye pembe na kuangukia waliolala. Mkanda wa zege wa Sh1.62 milioni huzishika kuta nne zitikisike kama kitu kimoja. Nyumba ambamo watoto watalala, mpya au ya zamani, isikose kitu hicho. Ukiishiwa fedha, ahirisha dari, ahirisha rangi, ahirisha hata plasta ya nje.

Bei ambayo haimo ukutani

Kwa kuwa vijiji vile vilipangwa kando ya barabara, nyumba nyingi za zamani ziko karibu mno na barabara kuu. Tazama ukuta wa mbele. Alama ya X nyekundu ina maana jengo limo ndani ya hifadhi ya barabara, mita 22.5 kutoka katikati, na litavunjwa bila fidia. X ya kijani ina maana limo katika mita 7.5 zilizoongezwa baadaye, na mwenyewe ana haki ya kulipwa. Ukuta uliopakwa rangi mpya upande wa barabarani peke yake ni jambo la kuuliza. Chukua futi kamba, pima mwenyewe kutoka katikati ya barabara.

Halafu kuna watu. Nyumba mpya aliyoijenga mtu mwenyewe ina mwenye nyumba mmoja na mke au mume wake. Nyumba ya baba aliyefariki ina warithi, na huku kwetu ina ukoo. Anayeuza kwa niaba ya wenzake akuonyeshe barua ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo. Bila hiyo ni mrithi anayeuza sehemu ambayo bado haijagawanywa. Muuzaji akiwa na ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya ndoa haijauzwa. Ardhi ikiwa ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, mauziano yapite kwenye halmashauri ya kijiji, yaandikwe kwenye muhtasari. Karatasi iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili chini ya mwembe imewapeleka wengi kwenye baraza la ardhi. Hapa nyumba mpya ina faida kubwa kuliko zote, na huwezi kuipata kwa kuangalia kuta: historia yake ni fupi.

Gharama ndogo za kiserikali tuzipitie haraka. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya bei, Sh140,000 kwa nyumba yetu ya Sh14 milioni. Kodi ya majengo kwa nyumba isiyo ya ghorofa ni Sh1,500 kwa mwezi kupitia mita ya umeme ya LUKU tangu Julai 2023, kuukuu na mpya sawa. Nunua umeme kidogo kwenye mita hiyo kabla ya kulipa uone kama kuna deni linalokatwa. Kuunganisha umeme kijijini ni Sh27,000, mjini Sh320,960 kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 za nguzo. Nyumba ya zamani ya mjini yenye mita inayofanya kazi, basi, imeshakuokolea hizo Sh320,960.

Miaka nayo ni fedha

Hesabu zangu hadi hapa zimedhania kwamba Sh24.7 milioni ziko mfukoni. Hazipo. Zinapatikana mwezi kwa mwezi, kutoka kwenye maharage, kahawa, mshahara wa ualimu, duka la vipodozi, bodaboda mbili.

Familia inayoweza kuweka Sh300,000 kila mwezi itahitaji miezi 83 kufikia nyumba iliyokamilika, karibu miaka saba. Kama inapanga kwa Sh80,000 kwa mwezi, itakuwa imelipa kodi ya pango Sh6.6 milioni, zaidi ya robo ya nyumba yenyewe. Ndiyo sababu watu wetu huhamia kwenye nyumba ambayo haijaisha, na wako sahihi kabisa. Msingi, kuta, lenta, paa, milango na madirisha machache vinagharimu takriban Sh13.6 milioni katika nyumba yetu. Kwa Sh300,000 kwa mwezi hiyo ni miezi 46. Kuhamia wakati huo, sakafu ikiwa ya udongo na kuta bila plasta, kunaokoa pango la miezi 37, Sh2.96 milioni, ambazo zinatosha sakafu na plasta. Jirani atakayecheka kwamba umehamia kwenye pagala hajafanya hesabu hiyo.

Nyumba kuukuu inashinda hapa, kama ipo ya kuhamia mara moja. Kila mwaka wa pango unaoukwepa ni Sh960,000 unazoweza kuongeza kwenye bei ya jengo bila kupoteza. Sharti lake ni fedha ya mkupuo, na mkupuo kwa wengi ni mkopo. Riba ya mikopo ya nyumba nchini huwa kati ya asilimia 15 na 19. Sh20 milioni kwa asilimia 15, miaka kumi, ni rejesho la Sh322,670 kila mwezi. Mwisho wa miaka hiyo umelipa Sh38.7 milioni. Mtumishi wa umma wa kima cha chini, ambacho tangu Julai 2025 ni Sh500,000, lazima abaki na theluthi ya mshahara wake. Ukishatoa mfuko wa pensheni, bima ya afya na kodi ya mapato, kilichobaki cha kukatwa ni kama Sh277,000. Hakitoshi kulipa rejesho hilo. Huyu hawezi kuinunua nyumba ya Sh20 milioni kwa njia hiyo hata kama benki iko mlango wa pili.

Ushauri wangu kwa mtu wa namna hii ni njia ya tatu, ambayo Kasulu ina nyingi: pagala la mtu mwingine. Mtumishi amehamishwa, mfanyabiashara amekwama, kuta zimesimama na majani yameota sebuleni. Lipia kila hatua kwa kile ambacho hutarudia. Msingi wenye zege na mawe, lipia wote. Kuta zilizopigwa na mvua za misimu miwili bila paa, hesabu kwamba safu tatu au nne za juu zitabomolewa, na kama zimejengwa kwa tope, nyingi zaidi. Nondo zilizoachwa wazi, zivunje kutu kwa nyundo uone kilichobaki. Tofali zilizopangwa pembeni zitajwe kwa idadi, kwa bei ya tanuri, hata kama muuzaji anazizungumzia kama dhahabu.

Kibondo kuna jambo jingine la kupima. Tangu wakimbizi wa Burundi walipoanza kuingia kwa wingi mwaka 1993, kodi za nyumba mjini zimepanda na kushuka pamoja na kambi. Kambi ya Nduta ilifunguliwa tena Oktoba 2015 na ikapokea watu zaidi ya 100,000. Mtendeli, jirani Kakonko, ilifunguliwa Januari 2016 ikafungwa 2021. Upande wa Kasulu, Mtabila ilifungwa Desemba 2012 wakati Nyarugusu, iliyoanzishwa 1996, iliendelea. Nyumba mpya yenye vigae, iliyojengwa ili wafanyakazi wa mashirika wapange, ina bei iliyopigwa kwa kodi yao. Ukiinunua ili uishi, au ili upangishe walimu na wauguzi, usikubali bei hiyo. Pima kwa kodi ambayo mwalimu analipa leo: Sh80,000 kwa mwezi ni Sh960,000 kwa mwaka, na kwa nyumba ya Sh30 milioni utasubiri miaka 31 kurudisha fedha zako, bila kuhesabu mwezi hata mmoja wa nyumba kukaa tupu wala ndoo moja ya rangi.

Kitu kimoja zaidi ambacho paa zima linakupa, na ambacho sijawahi kukiona kwenye mazungumzo ya bei: maji. Paa letu linafunika mita za mraba 94 za ardhi. Kila milimita ya mvua inayolidondokea ni lita 94. Kwa milimita 1,000 kwa mwaka, ukipoteza moja ya tano, unakinga lita 75,000, ndoo 3,750 za lita 20. Mama au binti anayepanda kilima na ndoo kichwani anajua thamani ya namba hiyo kuliko mchambuzi yeyote. Bati lililooza haliwezi kuzikusanya. Mfereji wa maji na tenki kwenye bati jipya vinaweza.

Kama unanunua ya zamani, kalenda yenyewe inakupangia. Nenda ukaione Machi, wakati mvua inanyesha kweli, na muombe mwenyeji akukaribishe ndani hadi ipite. Utaona maji yanapoingilia na beseni zinapowekwa. Aprili na Mei zunguka kwenye karatasi: mirathi, mwenza, halmashauri ya kijiji au ofisi ya ardhi ya mji, futi kamba barabarani. Juni, ardhi ikikauka, ezua. Julai funga mbao, laza nondo, mwaga lenta na uimwagilie maji siku saba. Agosti paua. Septemba ezeka, na mifereji ya maji uipige siku hiyo hiyo mafundi wakiwa bado juu, kabla wingu la kwanza la Oktoba halijasimama juu ya milima ya Heru.